Kabla Hujalipia Boti ya Nyangumi, Uliza Wanakula Nini

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa kwetu anayeishi Hamburg. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake: "Dada shikamoo. Makala zako za bahari ya huku ndizo zilizonitia hamu. Februari mimi na mke wangu tumekwenda Reykjavik, tukalipia boti ya kuangalia nyangumi. Nimetapika, mke wangu katapika, tumeona pomboo wawili kwa mbali, basi. Kuomba hela yetu, tunaambiwa tumeshaona pomboo, kwa hiyo safari imehesabika. Huu si utapeli kweli? Na tukirudi Juni, tumchukue na mwanetu wa miaka mitano?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Kigegezi cha bahari ya baridi hakina mfano. Utapeli si. Mlikwenda kwenye maji ambayo mwezi ule yalikuwa na chakula kidogo, na mnyama hakai mahali pasipo na chakula. Hilo tu. Maswali ya aina hii yananijia kila msimu, na wiki hiihii nimepokea habari iliyonifurahisha mno (nitaifikia), kwa hiyo leo naandika kwa kirefu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Norwei nimeletwa na kazi ya kuhudumia wazee, na kilichonibakiza na akili zangu katika majira ya baridi ya mwanzo ni bahari. Nilipoanza kutumia likizo zangu kwenda kaskazini kuangalia nyangumi, kwenye kundi la ukoo lilizuka jambo. Mmoja aliandika kwamba hela ya kununulia kiwanja naitumia kuangalia samaki. Wakacheka wote, hata niliowalipia ada. Sikujibu siku ile. Lakini liliniuma, na bado nikilikumbuka linauma, kwa sababu hakuna aliyeuliza ninachokwenda kutafuta. Watu wetu wanaelewa ukinunua gari, wanaelewa ukifanya sherehe ya watu mia tatu. Ukisema umelipa zaidi ya krona elfu moja za Norwei kukaa asubuhi nzima kwenye boti, unaonekana umechanganyikiwa. Kama na wewe unayesoma umewahi kuambiwa hivyo, jua hauko peke yako.

Aliyenielewa ni shangazi yangu. Shangazi ameuza na kukaanga samaki pale Deep Sea, Tanga, tangu mimi sijaanza shule. Alipokuja kunitembelea kiangazi, sikumpeleka Oslo kuangalia maduka. Nilimpeleka Andenes.

Andenes ni mji mdogo kwenye ncha ya kisiwa cha Andøya, juu kabisa ya mzingo wa Aktiki. Tangu kama tarehe ishirini Mei mpaka baada ya tarehe ishirini Julai jua halizami kule, na shangazi alihangaika na saa za swala mpaka tukatafuta ushauri kwa simu. Safari za kuangalia nyangumi zimekuwapo pale tangu miaka ya mwisho ya 1980. Kabla ya kupanda chombo, mwongozaji hukupitisheni kwenye maonyesho akaeleza mnakwenda kuona nini. Watu wakauliza maswali ya kawaida: atakuwa mkubwa kiasi gani, ataruka au hataruki. Shangazi akanivuta mkono. "Muulize, wanakula nini hapa?"

Nikatafsiri. Ngisi, akajibu yule binti, ngisi na samaki wa kilindini.

"Ngisi wa ukubwa gani?"

Binti akapanua mikono, akaipunguza, akaipanua tena. Akatuonyesha ramani ya chini ya bahari. Karibu sana na pwani ya Andøya sakafu ya bahari inakatika ghafla na kuwa korongo lenye kina cha zaidi ya mita elfu moja, linaloitwa Bleiksdjupet. Sehemu nyingi duniani ungehitaji kusafiri mbali sana baharini kufikia kina hicho. Pale ni mwendo wa kama saa moja. Ndiyo maana wale nyangumi wenye vichwa vikubwa vya mraba, ambao Wanorwei huwaita spermhval, wako pale mwaka mzima. Na ni madume watupu. Majike na watoto hubaki kwenye bahari zenye joto, madume wakikua hupanda kaskazini peke yao kwenda kushiba.

Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Basi hawatoki hapa. Nani anaacha jiko?"

Kwa miaka yote niliyokuwa nasoma habari za nyangumi, hakuna aliyenieleza kwa ufupi namna hiyo.

Tukavaa maovaroli mazito waliyotupa, tukatoka. Tulipofika juu ya korongo nahodha alizima injini, wakashusha maikrofoni majini. Unaposikiliza, kwanza ni mvumo wa maji tu. Kisha inakuja: ko, ko, ko, ko, kwa mpigo uleule, kama fundi anayegongea msumari nyumba ya tatu. Ndivyo anavyowinda gizani, anapiga mlio na kusikiliza unavyorudi. Shangazi alivishwa spika za masikioni, akafumba macho. Mara akafumbua: "Amenyamaza." Nahodha alikuwa ameshatabasamu, kwa kuwa wao ndicho wanachokisubiri. Akinyamaza, mara nyingi maana yake anapanda.

Alitokea upande wa kulia. Kitu cha kwanza ni pumzi yake, na pumzi ya nyangumi huyu haiendi juu moja kwa moja, inalalia mbele na kushoto, maana tundu lake la pua liko kushoto, mbele kabisa ya kichwa. Ukiona mvuke uliolala hivyo huna haja ya kuambiwa ni nani. Alikaa juu ya maji dakika kadhaa akipumua, pumzi baada ya pumzi, ngozi yake ya kijivu imekunjamana tangu nyuma ya kichwa mpaka mkiani. Hakutujali hata kidogo. Kisha akavuta pumzi ndefu, akaukunja mgongo, mkia ukasimama wima wote, maji yakichuruzika pande mbili, akashuka. Pale alipozamia pakabaki duara la maji laini lisilo na kiwimbi. Nusu saa mpaka dakika arobaini na tano atakuwa chini, akasema mwongozaji, zaidi ya mita elfu moja akitaka. Shangazi alisema Subhanallah mara moja, na hakusema kitu tena mpaka tulipokuwa karibu na bandari.

Nimekueleza haya yote, mdogo wangu, ili uelewe ushauri wangu wa kwanza, ambao ndio wa pili na wa tatu. Usichague safari kwa picha ya tangazo. Usichague kwa bei. Usichague kwa sababu una wikiendi. Uliza wanyama wanakula nini pale, na chakula hicho kinakuwapo mwezi gani.

Reykjavik Februari? Ghuba ile huwa na wanyama wengi zaidi kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Katikati ya baridi maji hayana vingi vya kuwashikilia, na nyangumi wengi wameshaondoka kwenda kuzaa kusini. Boti zinatoka, watalii wapo, na kampuni haisemi uongo ikikuambia "inawezekana kuona". Inawezekana. Ila kiangazi panda kaskazini mpaka Húsavík, kwenye ghuba ya Skjálfandi, walikoanza biashara hii tangu 1995 kwa mashua za mbao zilizokuwa za uvuvi. Pale jua la masaa mengi linaotesha vijimea vya baharini, vijimea vinalisha viduvi na samaki wadogo, na nyangumi mwenye nundu anakuja na mdomo wazi. Tafuta shakwe. Ukiona shakwe wamejazana mahali pamoja na kupiga kelele, usiondoe macho, maana samaki wamesukumwa juu na kuna mtu chini yao. Juni, ukibahatika, hupita hata nyangumi wa bluu, mnyama mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi duniani.

Norwei ya kaskazini wakati wa baridi ni habari nyingine kabisa, na chakula ni heringi. Makundi makubwa ya samaki hawa huingia kwenye fiord, ile mikono ya bahari iliyopenya kati ya milima, kupumzika kipindi cha giza, na nyuma yao wanaingia orka, wale wakubwa weusi na weupe wenye meno, na nyangumi wenye nundu, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Januari. Orka huwazungushia heringi duara, wanawakusanya wawe donge, kisha wanawapiga kwa mkia mpaka wanazimia, halafu wanaokota mmojammoja. Lakini angalia: heringi hawana mkataba na mtu. Miaka ya nyuma walikuwa Andfjorden, wakahamia karibu na Tromsø, kisha tangu 2017 hivi wakasogea juu kuelekea Skjervøy na Kvænangen. Hoteli hazikuweza kuhama nao. Kwa hiyo mtu anayekuambia "twende mahali palepale alipokwenda rafiki yangu miaka mingi iliyopita" huenda anakupeleka kwenye maji matupu. Uliza msimu huu heringi wako wapi. Ukiondokea Tromsø, huenda ukakaa chomboni masaa matatu au zaidi kabla ya kuwafikia, na mwanga wa mchana kipindi hicho ni mfupi kwa kuwa jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa.

Na kwa walioko Uingereza wasio na hela ya boti: nendeni Chanonry Point, Uskoti. Ni ncha ya ardhi kwenye Moray Firth, unasimama ufukweni. Maji yakianza kujaa, samoni wanaingia nayo, na pomboo wanawasubiri hapohapo kwenye mkondo, wakati mwingine karibu kiasi cha kusikia wanavyopumua. Hakuna tiketi. Kinachohitajika ni jedwali la kujaa na kupwa, kitu ambacho mtoto yeyote wa pwani yetu anakijua kabla ya hesabu.

Sasa upepo. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Kuna kampuni, sitaitaja, ilitutoa siku ambayo kila baharia aliona bahari imechafuka. Asubuhi ofisini niliuliza mawimbi ya mita ngapi, nikajibiwa kwa tabasamu kwamba chombo ni kikubwa. Tulipotoka nje ya kinga ya visiwa, watu wazima walilala sakafuni. Mama mmoja mzee aliumia mkono. Hatukuona hata pezi, na tuliporudi, walewale waliotabasamu walituonyesha mstari kwenye masharti unaosema hela hairudi. Tangu siku ile naangalia mwenyewe utabiri wa Yr, tovuti ya hali ya hewa ya Norwei, upepo na urefu wa mawimbi, jana yake na asubuhi yenyewe. Kampuni nzuri inaahirisha yenyewe na kukupigia simu. Ikikuahirishia, ishukuru, usigombe nayo.

Ndiyo maana nasema siku zote: usiende kwa siku moja. Weka nafasi ya siku zaidi, na lipia boti ya siku ya mwanzo, ili ikiahirishwa uwe na kesho yake. Mtu anayefika usiku na kuondoka kesho jioni ameiachia bahari impangie, na bahari ya kaskazini haipangwi.

Kuhusu ile hela yenu. Kampuni nyingi za Iceland na Norwei hutoa safari ya pili bure usipoona kitu, mara chache sana hurudisha fedha. Lakini soma wanachokiita "kuona". Kwa wengi, pomboo mmoja anatosha, na hata yule pomboo mdogo mwenye pua butu anayetokeza mgongo mara moja na kupotea. Nyinyi mmeona wawili. Masharti yako upande wao, hata kama moyo hauko. Wengine, hata hivyo, ukiwaandikia kwa adabu hukupa punguzo. Jaribu.

Jambo lingine linahusu kwetu, na siwezi kulipita. Huku nahodha mzuri anamkaribia mnyama taratibu, kwa ubavu, hamfuati kwa nyuma na hamkatishi mbele. Anazima au anapunguza injini, anasubiri. Mnyama akitaka kuja, anakuja. Nenda Kizimkazi siku yenye wageni wengi uone boti ngapi zinawazunguka pomboo wachache, injini zinanguruma, watu wanarushwa majini juu ya vichwa vyao. Pomboo wale wanahitaji mchana kupumzika na kunyonyesha. Wakisumbuliwa kila siku watahama, na siku watakapohama, manahodha wetu na wake zao wanaouza mandazi pale ufukweni ndio watakaolia, wageni watakuwa wameshakwenda kisiwa kingine. Ukienda kwetu kama mteja, una nguvu. Mwambie nahodha, kwa heshima, "kaka, tusiwafukuze, tukae mbali kidogo." Mimi nimelisema hilo na nimesikilizwa. Wengi wao wanafukuza kwa sababu wanadhani mgeni ndicho anachokitaka.

Na tusisahau kwamba nyangumi wenye nundu tunao. Kati ya Julai na Oktoba wanapita Mtwara, Mafia, Zanzibar, mpaka Watamu na Malindi. Watu huniuliza kama ni walewale wa Norwei. Siyo. Wa kwetu wanatoka kusini, Antaktika, wanakuja kuzaa kwenye maji ya joto, na wakiwa kwetu karibu hawali kitu. Wa huku kaskazini wanazaa Karibi na Cape Verde. Wanaokula utawaona huku, wanaozaa utawaona kwetu. Hapo ndipo swali la shangazi linapopata jibu la pili: kwetu hawafuati chakula, wanafuata joto la kulelea mtoto.

Hilo linanileta kwenye habari yangu njema. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi mwenye nundu una madoa meupe na meusi, na hakuna wawili wanaofanana. Kiangazi kilichopita, Húsavík, nilipata picha moja safi ya mkia: upande wa kushoto karibu mweupe wote, wa kulia una mikwaruzo mitatu kama alama za kucha. Niliituma Happywhale, tovuti inayokusanya picha hizi kutoka kwa watu wa kawaida duniani kote. Wiki hii imekuja barua pepe. Mnyama wangu anajulikana. Amewahi kupigwa picha majira ya baridi kwenye maji ya Jamhuri ya Dominika, upande wa pili wa Atlantiki. Picha yangu, ya muuguzi wa wazee kutoka Tanga, imewaonyesha watafiti kwamba bado yuko hai na anakula Iceland. Niliiweka barua ile kwenye kundi la ukoo. Shangazi peke yake ndiye aliyejibu: "Hongera mwanangu. Na mtoto wake je?" Sijui kama wengine waliisoma, na nimeacha kuwangojea.

Ukitaka picha ya mkia, usihangaike na kuruka kwake, anaruka asipotegemewa. Subiri akikunja mgongo juu kuliko kawaida, hapo anazama kwa kina na mkia utafuata. Piga mfululizo. Simu iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inamaliza chaji upesi. Mwongozaji atapaza sauti kwa namba za uso wa saa: mbele ya chombo ni kumi na mbili, kulia kabisa ni tatu, nyuma ni sita. Zizoee kabla hamjatoka bandarini, maana akisema tisa na wewe ukageukia kulia, umemkosa. Na baada ya picha chache, iweke simu. Watu wanarudi na video za maji matupu na hawajui walichokiona.

Kigegezi: kunywa dawa kabla ya kupanda, saa moja kabla, ukishaanza kutapika haisaidii. Muulize mfamasia, hasa kama mkeo ni mjamzito. Kula kidogo kitu kikavu, usiende na tumbo tupu na usiende na chai ya maziwa. Simama katikati au tezini ambako chombo hakipigi sana, tazama upeo wa macho, usiingie ndani kwa sababu ya baridi. Nje ndiko kuna nafuu. Chini ya ovaroli lao vaa sufu tupu, pamba ikilowa inakuganda mwilini.

Umeuliza mwishoni kuhusu mwanao wa miaka mitano, kama mumchukue mkirudi Juni. Mchukueni. Ila msipande boti za mpira za kasi, zenyewe haziruhusu watoto wadogo, wajawazito wala wenye matatizo ya mgongo. Pandeni mashua ya mbao ya Húsavík, polepole, ina mahali pa kukaa ndani na kurudi wanawapa kakao ya moto na mkate wa mdalasini. Kateni tiketi ya asubuhi ili mkiahirishiwa mpate ya mchana. Mnunulie darubini yake ndogo, hata ya bei rahisi, na umwambie mapema kwamba kazi yake ni kutafuta shakwe.